Mama, Baba Amenyamaza

Mama,

Shikamoo. Marahaba yako haitanifikia, najua, lakini siwezi kuanza kusema nawe bila kukuamkia. Ungeniuliza nimelelewa na nani.

Leo Baba amekataa uji tena. Niliupika mwepesi kama anavyoupenda, nikautia maziwa, nikakaa naye kitandani nikiupoza kwa kijiko. Akanitazama kidogo, wala si kwa hasira, kisha akageukia ukuta. Nikakaa na bakuli mkononi mpaka uji ukafanya utando juu. Ndipo nikatoka nje, nikakaa hapa nyuma ya jiko, nikaanza kukuandikia.

Hukujua kusoma. Barua za Kaka Danieli kutoka Tanga mimi ndiye niliyekuwa nakusomea, nawe ukiniambia, "Rudia hapo aliponitaja." Sasa sijui nani atakusomea hii. Nakuandikia hivyo hivyo, kwa sababu hapa nilipo sina mwingine wa kumweleza. Mume wangu Petro ni mtu mwema, lakini alimjua Baba akiwa mkwe wa kuheshimiwa kwa mbali. Watoto wanamjua kama babu anayelala. Wewe ndiye uliyemjua.

Mama, nilidhani msiba wako ulimkuta akiwa imara. Sote tulidhani. Siku tuliyokuzika kule juu nyumbani, kando ya migomba yako, alisimama na wenzake wa kanisani akakupigia tarumbeta. Ile kubwa yenye sauti nzito, aliyoipuliza tangu ujana wake. Hakutetereka tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Akina mama wakanong'onezana, "Mzee Zakaria ana moyo wa jiwe." Mimi nilikuwa karibu. Niliona machozi yakimshuka hadi kwenye midomo, naye akapuliza tu.

Baada ya matanga alirudi shambani. Akazibua mfereji unaoleta maji kutoka msituni, akapalilia viazi, akapogoa ile mipeasi iliyoko mtelemkoni. Nilipopanda na watoto kumtazama, alitoka hadi njiani kutupokea. Ila nyumba ilianza kumshinda. Alikuwa akiita "Mama Danieli" kuelekea jikoni, kisha ananyamaza, kisha anakohoa, kana kwamba alitaka kukohoa tu. Nilimsikia mara nyingi. Sikumwonyesha kwamba nimesikia.

Masikio yake unayajua. Yalianza kuziba ukiwa hai. Sikuwa nimetambua kwamba wewe ndiye uliyekuwa ukimsikilizia. Mgeni akisema jambo, ulilirudia wewe kwa sauti yako, taratibu, kana kwamba ni swali lako, ili Baba asione aibu. Ulipoondoka, wageni wakasema na yeye akaitikia ndivyo sivyo. Akaulizwa habari za mvua, akajibu kwamba Danieli hajambo. Watu wakaanza kufupisha maongezi. Wanamwamkia, wanaangalia njia, wanaenda zao.

Kisha meno ya mbele yakamtoka. Mtu hawezi kupuliza tarumbeta bila meno ya mbele, Mama, mdomo hauna pa kuegemea. Alijaribu nyuma ya nyumba, peke yake, nikasikia sauti kama ya ndama aliyekabwa. Jumapili iliyofuata aliisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikang'aa, akaibeba mwenyewe kanisani, akamkabidhi kijana mmoja wa kwaya. Mchungaji akamsifu mbele ya usharika wote. Wakamwekea kiti mbele, karibu na madhabahu, kiti cha heshima. Krismasi ile nilimtazama akiwa amekaa pale. Wenzake wakapiga, na yeye alikuwa akiangalia mashavu yao, jinsi yanavyojaa na kunywea. Sidhani alisikia kitu.

Hata hivyo, alikuwa bado anakula. Alikuwa bado anaamka na kutoka nje. Alikuwa na shamba lake, alikuwa na wewe pale kando ya migomba, na alikuwa na Mzee Hamza.

Halafu ikaja operesheni ya kuhamia vijijini.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja na mwenyekiti wa kijiji, wakasema nyumba zote za kule mgongoni mwa mlima zishuke barabarani, watu wakae pamoja, wapate maji ya bomba, zahanati na shule. Sitasema uongo, bomba limekuja. Watoto wangu wanakwenda shule kabla umande haujakauka na hawachoki njiani. Sisi wenye miguu tulishuka, tukajenga, tukazoea. Lakini Baba alipoambiwa, alidhani anaulizwa. Akamjibu balozi kwa upole kabisa, "Nashukuru, mwanangu, lakini mimi mke wangu yuko hapa." Balozi akanigeukia mimi. Nikalazimika kumpigia Baba kelele sikioni kwamba si ombi. Sikujua nitoe sauti gani. Neno kama lile haliwezi kusemwa kwa upole wakati unapiga kelele.

Aliezua mabati yeye mwenyewe, akisaidiwa na Petro. Akang'oa milango. Siku ya kushuka alikuja kwako, akakaa kitambo, akaondoka bila kugeuka nyuma. Nilibeba kuku na vyungu vyako. Chungu kimoja kilinivunjikia njiani na yeye hakusema kitu, na hilo ndilo lililonitisha. Ungekuwepo ungekumbuka jinsi alivyokuwa mkali kwa kitu kilichovunjika.

Tulipangiwa viwanja. Kwa kuwa yuko peke yake, na mwanawe wa kiume yuko bandarini Tanga, wakaona akae kwangu. Unajua maana yake. Mzee wa Kishambaa anazeekea nyumbani kwake, au kwa mwanawe wa kiume. Hazeekei kwa mkwe. Petro alimpokea kwa mikono miwili, akampa chumba kinachopata jua la asubuhi. Lakini Baba hakutaka kula tukiwa wote. Alisema amekwisha shiba, amekula kwa jirani, tumbo halimtaki. Nikaanza kumpelekea chakula chumbani, Petro akiwa hayupo, na hapo angalau alikula nusu. Siku moja akaniambia, "Naemi, mume wako ananilisha kama mtoto wake." Nikamwambia, "Baba, anakulisha kama baba yake." Akatikisa kichwa. Sijui kama hakusikia au alisikia.

Sasa nikueleze la mkutano, maana nafikiri ndipo alipokatika.

Kijiji kiliamua kuchimba mfereji wa kumwagilia shamba la ujamaa. Baba akaenda. Alivaa koti lake lile la kijivu ulilomshonea kiraka cha kiwiko, akachukua fimbo, akaenda mwenyewe bila kuambiwa. Nilifurahi nikimwangalia akivuka barabara. Maji yale aliyasimamia tangu babu alipomwachia, anajua yanapopenda kupita na yanapobomoa ukingo. Akasimama kuzungumza. Mwenyekiti, kijana ambaye alibatizwa Baba akipiga tarumbeta, akamwambia kwa adabu, "Mzee wetu, shikamoo, tunashukuru kwa mchango. Kazi hii waachie vijana, wewe pumzika." Baba hakusikia. Akaendelea. Mwenyekiti akarudia. Baba akadhani ameulizwa maji yanaanzia wapi, akanyoosha fimbo kuelekea msituni na kuanza kueleza, kwa furaha, Mama, kwa furaha ambayo sikuiona tangu ulipoondoka. Watu wakacheka. Si kicheko kibaya, ni kile cha watu waliochoka wanaotaka kwenda nyumbani. Lakini kicheko Baba anakiona. Akanyamaza katikati ya neno. Akatazama huku na huku akitafuta uso wa kumweleza wanacheka nini. Nilikuwa upande wa wanawake, mbali, nina mtoto mgongoni. Mpaka nilipomfikia alikuwa ameketi.

Hakwenda mkutano mwingine. Wakampangia kazi ya wazee, kuamia ndege kwenye mtama. Akaenda kidogo, akaacha.

Akabaki Mzee Hamza. Huyu hakuwa na haja ya kumpigia Baba kelele, maana walikuwa wanaongea kwa mikono na kwa kujuana. Tangu ujana walipasua mbao pamoja, Hamza juu ya gogo na Baba chini shimoni, na wewe ukisema ndiyo maana mmoja ana unga wa mbao masikioni. Hamza alikuwa akija alasiri baada ya sala, anakaa kwenye gogo nje ya dirisha la Baba, wanatafuna muwa, Baba akikata vipande vidogo anafyonza tu. Hawakuwa wakisema mengi. Kuna siku nilisikia Baba akicheka, nikasimama na ndoo kichwani kusikiliza.

Baridi ya mwaka juzi ikamwingia Hamza kifuani. Mwanawe aliyeko Mombo akapanda kumchukua, akasema kule chini joto litamfaa mzee. Alikuja kuaga. Akamshika Baba mikono yote miwili, akasema, "Zakaria, kifua changu kimeukataa mlima." Baba akamjibu, "Nenda, ndugu yangu, mimi niko." Lori la mboga lilipoondoka, alisimama barabarani hadi vumbi likatua. Kisha akaingia ndani akalala, jua likiwa bado linawaka. Mama, tangu siku ile hajaamka sawasawa.

Nitakuelezaje? Haumwi mahali unapoweza kushika. Anaamka kabla ya jogoo na kukaa kitandani akitazama ukuta. Mchana anasinzia. Haogi mpaka nimbembeleze, yeye ambaye uliwahi kumtania kwamba anamaliza mto. Magoti yanamuuma, lakini hata siku yasipouma hanyanyuki. Nikimpa habari za Danieli anasema, "Vema." Nikimwambia mbuzi amezaa anasema, "Vema." Siku moja alinivua pete yake ya ndoa mkononi mwangu. Nimeandika vibaya. Alivua pete yake akaniwekea mkononi mwangu, akasema, "Mungu amenisahau, Naemi. Amewakumbuka wenzangu wote." Nilimrudishia. Imekuwa pana, inamtoka.

Kila mtu ana neno lake. Jirani mmoja aliniambia Baba amerogwa na watu waliotamani mfereji, nitafute mbuzi mweusi. Wazee wa kanisa walikuja wakaomba, wakaimba, wakamwambia ahesabu baraka zake, na Baba akaitikia amina kwa adabu, na walipoondoka akavuta blanketi. Danieli alipata likizo akapanda kutoka Tanga. Akamletea shuka mpya na redio ambayo Baba hawezi kuisikia. Akamsimamia kitandani akasema kwa nguvu, "Baba, jikaze. Wewe ni mwanamume." Baba akamtazama mwanawe, akasema, "Pole na safari." Danieli alitoka nje akaenda akasimama kwenye mikaratusi na mgongo wake ulikuwa unatikisika. Alitaka amchukue akakae naye Tanga. Baba alikataa kwa mkono. Kama hapa barabarani tu ni mbali nawe, Tanga itakuwaje.

Nikampeleka zahanati. Petro alimwegemeza upande mmoja na mimi upande mwingine. Daktari wa pale ni mtu wa makamo, mpole, si wa huku kwetu. Alimpima kifua, macho, mkojo. Alimsemesha kwa karibu sana, mdomo kwenye sikio, bila kupiga kelele, nikajifunza hapo. Kisha akaniita pembeni. Akasema moyo unapiga vizuri na mapafu ni mazima. Nikamuuliza, "Sasa mbona hataki kula?" Akaniambia, "Mama, umezoea kufikiri kwamba mzee akinyamaza ni uzee. Uzee si ugonjwa. Huyu anaumwa huzuni, na huzuni ikikaa muda mrefu inaula mwili kama kifua kikuu. Nimewaona wengi. Anafiwa na mke, masikio yanaziba, kazi yake anapewa mwingine, anakaa mahali asipopajua. Lingekuwa moja angelibeba." Nikasema, "Tunampa dawa gani?" Akatazama kabati lake. Akasema, "Ya kumtibu hilo hapa sina. Usimwache peke yake, na asigombezwe." Akanipa vidonge vya kuongeza damu ili nisirudi mikono mitupu.

Nilimshukuru, Mama. Angalau mtu mmoja alisema kwamba ni ugonjwa, na si ukaidi wala uchawi. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa najua jina la shimo alilomo, na sina kamba.

Nikafikiri labda akuone. Petro akatafuta vijana wawili, tukamkalisha kwenye kiti, tukapanda naye. Kule juu usingepatambua. Nyumba yetu ni mstari wa mawe. Shamba la ujamaa limefika karibu na migomba, mahindi yamekuja hadi miguuni pako, ila wamekuheshimu, wameacha nafasi. Niling'oa magugu. Baba akashuka kwenye kiti, akakaa chini kwenye udongo, akaweka kiganja juu ya kaburi lako. Akalia. Wakati wa msiba machozi yalimshuka kimya kimya, tuliposhuka hakulia, lakini pale alilia kwa sauti, mdomo wazi usio na meno. Wale vijana wakaenda kusimama mbali. Na mimi nililia, lakini mimi nilikuwa na matumaini. Nilijiambia, limetoka sasa. Ukungu ulipoanza kupanda kutoka bondeni nikamwambia turudi. Akasema, "Nendeni ninyi." Nikambembeleza. Akasema, "Niacheni na mwenzangu." Ilibidi tumnyanyue. Alikuwa mwepesi, Mama. Alikuwa mwepesi kuliko tulivyompandisha, hivyo ndivyo nilivyoona.

Kesho yake alikuwa ameugeukia ukuta kama kawaida.

Nikatuma salamu kwa Mzee Hamza kwa dereva wa lori la mboga la Soni. Nilitaka aje, hata akae mchana mmoja. Dereva akarudi akasema Hamza naye hatoki kitandani, lakini ametuma kikapu cha machungwa na neno. Nililipeleka sikioni kwa Baba kama nilivyomwona daktari akifanya: "Hamza anasema, mwambie Zakaria asinitangulie." Mama, uso wake ulifunguka. Akasema, "Huyo siku zote alitaka kuwa juu." Akaomba chungwa. Nikamenya, akafyonza lote, maji yakamchuruzika kidevuni, naye akajifuta mwenyewe. Siku ile nilipika nikiimba. Petro akaniuliza kuna nini, nikashindwa kumweleza kwamba ni chungwa.

Machungwa mengine yalioza kikapuni. Hakuyagusa.

Ndivyo tulivyofika leo. Nimekuwa nikijiuliza wewe ungefanyaje. Nakumbuka alipofariki yule mdogo wetu, Baba alikaa siku nyingi bila kusema, na mimi nilikuwa msichana mkubwa wa kutosha kuona. Hukumwambia ajikaze. Ulikuwa ukichukua ungo wa maharage, unakaa karibu naye, unachambua. Yakiisha unaleta mengine. Sijui kama ulimponya au alipona mwenyewe, nanyi mlikuwa vijana, na yeye alikuwa anakusikia. Nimejaribu kukaa hivyo. Nakaa, nachambua, mtoto ananiita, sufuria inachemka, kengele ya kwenda shamba la kijiji inagongwa, nanyanyuka. Siwezi kukaa kama ulivyokaa. Wala mimi si wewe, na nafikiri anapofumbua macho na kunikuta ni mimi, anaumia upya kidogo.

Sina jambo jema la kumalizia, nisamehe. Kama huko uliko mtu anaweza kumwombea mwenzake hata usingizi mzuri tu, mwombee huo.

Dakika hii nimeingia kumtazama kabla sijafunga barua. Alikuwa macho. Nikakaa, nikamshika mguu chini ya blanketi, ulikuwa wa baridi. Akasema, wazi kabisa, "Mwanangu, usinichoke."

Nikamwekea mdomo sikioni nikamwambia sitamchoka.

Kuchoka nimechoka, Mama. Wewe sikufichi. Mgongo umechoka, na maneno yameniishia, na asubuhi naogopa kufungua mlango wa chumba chake. Lakini yeye sijamchoka. Siwezi kukuahidi kwamba atacheka tena, wala kwamba atakula kesho. Ninaloweza kukuahidi ni hilo moja, kwamba mlango nitaufungua.

Lala salama, Mama. Nakuaga nikiwa na kazi jikoni.

Binti yako,
Naemi